Hazina za dunia chini ya paa moja

Siku moja nilikuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la tano maana ya neno "makumbusho". Mtoto mmoja akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, watu hao hujenga nyumba kubwa namna hiyo kwa kuwekea vitu vilivyochakaa tu?" Wenzake walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Lakini jioni, nilipokuwa nikisahihisha daftari zao, swali lile lilinirudia. Kwa maana mtoto yule alisema wazi neno ambalo watu wazima wengi hulifikiri moyoni wasiliseme: kitu cha zamani kimekwisha kazi yake, basi kitupwe, kipya kiingie.

Leo nataka kulijibu swali lile mbele yenu, wazazi na vijana, kwa kuwatembeza katika nyumba mojawapo iliyo kubwa kupita nyingi duniani. Ndiyo Metropolitan Museum of Art, ya mji wa New York, nchi ya Marekani. Mimi sijavuka bahari. Nimeijua nyumba hiyo kwa vitabu na kwa picha. Safari yetu itaishia mbele ya kiti kidogo cha mti, na hapo mtaelewa kwa nini nimeichagua nyumba hiyo wala si nyingine.

Nyumba iliyoanza mikono mitupu

Mwaka 1870 watu wenye mali na wenye elimu wa New York walipatana kuanzisha nyumba ya makumbusho. Walikuwa na nia njema, lakini hawakuwa na jengo, wala picha moja, wala sanamu moja. Kitu cha kwanza kilichoandikwa katika daftari la nyumba hiyo, mwaka ule ule, kilikuwa jeneza la marumaru la Waroma, la karne ya tatu, lenye mashada ya majani na matunda yaliyochongwa ubavuni. Lilipatikana Tarso, mji alikozaliwa Mtakatifu Paulo. Mtu mmoja aliyeitwa Abdo Debbas, aliyekuwa makamu wa konsuli wa Marekani katika mji huo, alilitoa zawadi.

Mwaka 1872 milango ilifunguliwa kwa watu wote, na mwaka 1880 nyumba ilihamia mahali ilipo hata leo, kando ya bustani kubwa ya mji iitwayo Central Park. Tangu hapo imeongezwa vyumba mara nyingi. Leo ina vitu zaidi ya milioni moja na nusu, vya miaka elfu tano na zaidi. Nilipiga hesabu hii pamoja na watoto: mtu akisimama dakika moja tu mbele ya kila kitu, asilale wala asile, atahitaji karibu miaka mitatu kuvimaliza vyote. Basi sisi tuchague vichache.

Hekalu lililohamishwa kwa meli

Katika chumba kimoja chenye ukuta mkubwa wa vioo limesimama hekalu zima la mawe, liitwalo Dendur. Lilijengwa yapata mwaka 15 kabla ya Kristu, wakati wa Kaisari Augusto, kando ya mto Nili katika nchi ya Nubia. Ndiye Kaisari yule tunayemsoma katika Injili ya Noeli, aliyeamuru watu waandikwe. Hekalu lilijengwa kwa heshima ya mungu wa kike Isis na ya ndugu wawili wa nchi ile, Pedesi na Pihor, wana wa mkubwa mmoja wa Nubia, ambao yasemekana walikufa maji mtoni. Katika karne ya sita Wakristu wa Nubia waliligeuza kuwa kanisa lao.

Je, jengo la mawe lilivukaje bahari? Misri ilipoanza kujenga boma kubwa la Aswan ili kuzuia maji ya Nili, ilionekana wazi kwamba ziwa jipya litafunika mahekalu mengi. Mataifa mengi yakatoa msaada ili kuyaokoa. Hekalu la Dendur lilibomolewa jiwe kwa jiwe, kila jiwe likapewa alama yake. Mwaka 1965 Misri iliwapa Wamarekani hekalu hilo kuwa shukrani kwa msaada wao. Likafungwa katika makasha 661, likasafirishwa kwa meli, na mwaka 1978 watu wa New York wakaanza kuingia kulitazama. Fikirini, ndugu wasomaji: kama mawe yale yasingeandikwa alama, yangekuwa leo rundo la mawe tu, na hakuna fundi ambaye angeweza kuyarudisha mahali pake.

Karibu na hapo kuna kitu kidogo ambacho watoto hukipenda kupita hekalu. Ni kiboko wa rangi ya buluu, mwenye urefu wa sentimeta 20 tu, aliyefanyizwa kwa unga wa mawe uliochomwa motoni mpaka ukang'aa. Mwilini mwake fundi alichora maua ya mto. Ana umri wa miaka karibu elfu nne, naye alizikwa pamoja na maiti wa Misri. Miguu yake mitatu ilikuwa imevunjwa. Iliyopo leo ilitengenezwa baadaye. Wataalamu wanasema kwamba Wamisri wa kale waliivunja makusudi, wakiogopa kiboko yule asije akamdhuru marehemu huko aliko. Sisi tunaokaa kando ya Lualaba na maziwa yetu hatutawacheka. Twajua kiboko ni mnyama gani.

Mama na birika, mtumwa na bwana wake

Tupande sasa kwenye vyumba vya picha. Kuna picha tano za Johannes Vermeer, Mholanzi wa karne ya 17, na hizo ni nyingi, kwa maana picha zake zilizobaki duniani hazifiki arobaini. Mojawapo haionyeshi mfalme wala vita. Inaonyesha mwanamke kijana mwenye kitambaa cheupe kichwani. Mkono mmoja umeshika birika la maji, mwingine umeshika dirisha, na mwanga wa asubuhi unaingia. Ni hayo tu. Mama yeyote anayeamka mapema na kuteka maji atajiona humo. Mchoraji alionyesha kwamba kazi ya nyumbani inastahili kutazamwa kwa heshima sawa na kazi ya mfalme.

Picha nyingine ilichorwa Roma mwaka 1650 na Mhispania Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wake. Inaonyesha mtu mwenye ngozi nyeusi kiasi, nywele nyingi, ukosi mweupe mpana. Anatutazama machoni bila woga wala kiburi. Jina lake ni Juan de Pareja. Alikuwa mtumwa wa Velázquez mwenyewe, naye alikuwa na damu ya Afrika. Mwaka ule ule bwana wake alitia sahihi hati ya kumwacha huru, kwa sharti la kutumika miaka minne zaidi. Baada ya hapo Pareja alikuwa mchoraji kwa haki yake mwenyewe. Picha yake kubwa ya kuitwa kwa Mtakatifu Mateo, ya mwaka 1661, ingali ikionekana Madrid, naye amejichora mwenyewe humo pembeni. Nyumba ya New York ilinunua picha ya Pareja mwaka 1971, na mwaka 2023 ikafanya maonyesho ya kazi za mikono yake mwenyewe. Basi mtu ambaye jina lake lilikuwa limejificha nyuma ya jina la bwana wake alipata kutajwa kwa kazi yake.

Vitambaa vilivyofunika viazi

Upande wa kaskazini wa mji, juu ya kilima, nyumba hiyo ina tawi lake liitwalo The Cloisters, lililofunguliwa mwaka 1938. Limejengwa kwa mawe na nguzo za monasteri za kale za Ulaya, kama ile ya Cuxa huko Ufaransa. Humo vimetundikwa vitambaa saba vikubwa, vilivyofumwa kwa sufi, hariri, na nyuzi za fedha na za dhahabu, yapata mwaka 1500, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji na jirani zake. Vinaonyesha uwindaji wa mnyama wa hadithi, mwenye umbo la farasi na pembe moja kipajini. Maua na majani yaliyofumwa humo ni mengi, na ya namna nyingi, hata wajuzi wa mimea wameyachungua na kuyataja kwa majina.

Sikilizeni sasa yaliyovipata vitambaa hivyo. Vilikuwa mali ya jamaa moja ya wakubwa wa Ufaransa, katika jumba lao la Verteuil. Wakati wa Mapinduzi, mwaka 1793, jumba lilitekwa, vitambaa vikachukuliwa. Inasimuliwa kwamba kwa miaka mingi wakulima wa hapo walivitumia kufunikia viazi na miti ya matunda visiunguzwe na baridi. Katika miaka ya 1850 ndipo vilipopatikana tena, vingine vikiwa vimetatuka vibaya. Wakulima wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa na viazi, walihitaji kifuniko, na hakuna aliyewaambia kwamba kile walichokishika ni nini.

Nilipoisoma habari hiyo sikuweza kucheka. Babu yangu mzaa baba alikuwa na kiti cha mti, kilichochongwa, chenye miguu iliyofanana na ya mtu. Alipofariki, kiti kilibaki jikoni. Kwanza tulikiwekea mtungi wa maji. Halafu mguu mmoja ulipasuka, kikatupwa nyuma ya nyumba. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, kuni zote zililowa, na mimi mwenyewe, mtoto wa miaka minane, nilitumwa kukipasua. Nikakipasua. Ulikuwa mti mgumu, na moto wake ulikuwa mzuri. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza nani alikichonga, wala kwa nini babu hakukubali mtu mwingine akikalie. Leo baba yangu amekwisha kufariki, shangazi zangu hawakumbuki, na hakuna mtu wa kuniambia.

Kiti cha mchongaji wa Buli

Sasa tumefika pale nilipowaahidi. Kwa miaka karibu mia nyumba ya New York haikuwa na idara ya sanaa ya Afrika. Kazi za mikono ya Waafrika ziliwekwa katika nyumba za wanyama waliokaushwa na mifupa, kana kwamba si kazi za mafundi. Mwaka 1969 tajiri Nelson Rockefeller, aliyekuwa gavana wa jimbo la New York, aliahidi kuipa nyumba hiyo vitu vyote alivyovikusanya vya Afrika, vya visiwa vya Pasifiki na vya wenyeji wa kale wa Amerika. Mwaka 1982 upande mpya ulifunguliwa kwa ajili yake. Ulifungwa mwaka 2021 ili kutengenezwa upya, ukafunguliwa tena tarehe 31 Mei 2025.

Kati ya hazina za upande huo kuna kiti cha mti chenye kimo cha sentimeta 61. Mwanamke aliyechongwa anakishika kwa mikono miwili juu ya kichwa chake. Uso wake ni mrefu, mashavu yamebonyea, macho yameinama kama ya mtu anayefikiri mambo mazito. Mikono ni mikubwa kuliko kawaida, nayo inabeba bila kulalamika. Ni kiti cha ukubwa cha nchi ya Waluba na Wahemba, mashariki ya Kongo yetu, cha karne ya 19. Viti vya namna hiyo havikuwa vya kukaliwa ovyo. Vilifungwa katika kitambaa cheupe na kulindwa, kwa sababu vilikuwa alama ya enzi. Na anayebeba enzi ya mkubwa ni mwanamke, kwa maana Waluba walijua kwamba ufalme hupita katika damu ya akina mama.

Nani alikichonga? Katika miaka ya 1930 mtaalamu Mbelgiji Frans Olbrechts alilinganisha viti na sanamu zilizokuwa katika nyumba mbalimbali za Ulaya, akaona nyuso ndefu zile zile na mikono ile ile. Akatambua kwamba zimetoka katika mkono wa fundi mmoja, au katika karakana moja. Kwa kuwa mbili kati yake zilipatikana katika kijiji cha Buli, fundi huyo akaitwa Bwana wa Buli. Hivyo Ulaya ilianza kukiri kwamba Afrika nayo ina mafundi wakubwa, kila mmoja na mkono wake, wala si kabila tu lisilo na majina.

Lakini jina lake hasa? Waliovinunua viti vile hawakuuliza. Baadaye sana watafiti walipokea kwa watu wa nchi ile jina la Ngongo ya Chintu, mchongaji wa kijiji cha Kateba. Katika maandishi ya nyumba ya New York jina hilo limeandikwa, lakini mbele yake limetiwa neno "labda". Neno hilo dogo ndilo linaloniuma. Juu ya Vermeer twajua siku aliyobatizwa. Juu ya ndugu yetu aliyechonga uso ule twasema "labda". Hakukosa ustadi. Alikosa mtu wa kuliandika jina lake kwa wakati.

Katika upande huo kuna kazi nyingine za Kongo. Kuna Mangaaka, sanamu ya kutisha ya Wayombe wa pwani, yenye kimo cha sentimeta 118, mikono kiunoni, mwili umejaa misumari na vipande vya chuma. Kila chuma kilipigiliwa ili kuthibitisha kiapo, mapatano au hukumu fulani, hata twaweza kusema kwamba sanamu ile ilikuwa daftari la mahakama la watu wasioandika kwa wino. Maneno ya viapo vile yamepotea, misumari imebaki. Tena kuna misalaba ya shaba nyeupe na nyekundu, iliyosubuliwa na wafua chuma wa ufalme wa Kongo. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, na mwanawe Afonso akaieneza dini katika nchi. Mafundi wake walitazama misalaba iliyotoka Ureno, kisha wakamchonga Kristu mwenye uso wa watu wao. Miaka mia tano iliyopita, jamaa wapenzi! Wale wanaodhani kwamba Mwafrika alianza juzi kumsifu Mungu kwa sanaa yake, waitazame misalaba ile.

Zilifikaje huko?

Kijana mwenye akili ataniuliza: "Mwalimu, nani aliwaruhusu kuvichukua?" Ni swali la haki. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, na vingine vilichukuliwa kwa nguvu. Uso wa pembe ya ndovu wa Malkia Idia wa Benin, ulio katika nyumba hiyo hiyo, ulitolewa katika jumba la mfalme mwaka 1897, askari wa Uingereza walipouteka mji ule. Na sanamu nyingi za Kongo zilikamatwa na watawala wa kikoloni, au kuondolewa na wamisionari walioona ndani yake ushirikina tu.

Nyumba yenyewe imelazimika kurudisha vitu kadhaa. Mwaka 2008 mtungi mashuhuri wa Kigiriki uliochorwa na Euphronios ulirudi Italia. Mwaka 2019 jeneza la dhahabu la kuhani Nedjemankh, ambalo nyumba ililinunua mwaka 2017 kumbe liliibwa, lilirudi Misri. Mwaka 2021 vipande viwili vya shaba vya Benin vilirudishwa Nigeria. Angalieni namna mambo hayo yalivyothibitishwa: kwa karatasi, kwa picha za zamani, kwa orodha. Mahali palipokuwa na maandishi, haki ilipata njia.

Kwetu pia kazi imeanza. Lubumbashi ina nyumba yake ya makumbusho, na mwaka 2019 Kinshasa ilifungua Makumbusho ya Taifa katika jengo jipya. Mwaka 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta huko kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Ni kitu kimoja kati ya maelfu yaliyoko ng'ambo, lakini safari ndefu huanza kwa hatua moja.

Jibu kwa mtoto wangu

Basi namjibu mtoto yule. Hapana, mwanangu, nyumba ile haikujengwa kwa ajili ya vitu vilivyochakaa. Imejengwa kwa ajili ya kumbukumbu iliyoshikamana na vitu hivyo. Hekalu bila alama zake ni rundo la mawe, kitambaa bila habari yake ni kifuniko cha viazi, na kiti bila jina la mwenyewe ni kuni za siku ya mvua. Wazee wa Kiswahili walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatuwezi kila mmoja kujenga jumba kama la New York. Lakini kila nyumba ya Mkristu ina daftari la mtoto wa shule. Enyi wazazi, Jumapili hii mkae na nyanya, na babu, na mjomba. Kama nyumbani kuna kikapu cha kale, ngoma, mkeka, mtungi, kisu chenye mpini wa kuchongwa, mtoto akichore katika daftari, na chini yake aandike: kinaitwaje katika lugha yetu, nani alikifanya, kwa mti gani au udongo gani, kilitumika siku gani. Na mwenye simu ya kuonyesha picha amwonyeshe mzee picha za viti vya Buli. Tangu mwaka 2017 nyumba ya New York imewaachia watu wote picha za vitu vyake zaidi ya 375,000 bila malipo. Pengine mzee atanyamaza kidogo, kisha aseme: "Hiki nakijua." Hapo mpeni mtoto kalamu upesi.

Mimi nimekwisha kuanza. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu nimechora kiti cha babu kama nikikumbukavyo, miguu yake minne na ufa wa mguu mmoja. Mahali pa jina la mchongaji nimepaacha wazi. Ninyi ambao wazee wenu wangali hai, msikubali ukurasa wenu ubaki hivyo.